Pikipiki inavuta upande? Pima shokapu na fremu kwa uzi, timazi na kioo kabla ya kuwasha moto

Pikipiki ikianza kuvuta upande baada ya kuanguka, neno la kwanza kijiweni ni "fremu imepinda". Basi uzi unafungwa haraka haraka, namba zinatoka mbaya, pikipiki inapelekwa kwa mchomeleaji, moto unawashwa, na jioni inarudi ikivuta vilevile. Kosa ni la mpangilio. Gurudumu la nyuma halikunyooshwa kwanza, kwa hiyo uzi ulipima upotofu wa gurudumu na fremu ikabebeshwa lawama.

Humu tunaanza na vitu vinavyopinda kirahisi na kunyooka kwa bei rahisi. Fremu inakuja mwisho. Usiruke hatua, maana kila kipimo kinategemea kwamba kilichotangulia kimeshakuwa sawa.

Vipimo vilivyomo vinahusu pikipiki za kazi za cc 100 hadi 150, aina ya Boxer, TVS na wenzake: shokapu mbili mbele, swingamu ya mikono miwili (kile chuma kinachoshika gurudumu la nyuma na kucheza juu-chini), ringi za inchi 17 au 18.

## Vifaa

- Uzi wa nailoni wa mafundi ujenzi, mita 6.
- Timazi. Ukikosa, nati nzito iliyofungwa kwenye uzi inatosha.
- Pima maji fupi.
- Rula ya chuma ya sentimita 30 ambayo sifuri yake iko ukingoni kabisa. Rula za shule huacha nafasi kabla ya sifuri, na nafasi hiyo peke yake inaweza kukudanganya milimita 5.
- Tepu ya kupimia, na waya mgumu wa kama sentimita 70.
- Vipande viwili vya kioo cha dirisha chenye unene wa milimita 5 au 6: kimoja sentimita 15 kwa 25, kingine sentimita 15 kwa 70. Mabaki ya duka la vioo yanafaa. Sugua kingo kwa msasa zisikukate.
- Makopo mawili ya rangi yaliyojaa, ya kufungia ncha za uzi.
- Jeki, au kreti imara la kuweka chini ya injini.
- Spana zako za kawaida, chaki, kalamu, gundi ya karatasi, karatasi mbili za kuchapia.
- Mtu wa pili. Hatua ya 4 na ya 5 huziwezi peke yako, hata uwe na mikono mirefu namna gani.

Fanyia kazi kwenye sakafu ya zege. Kwenye udongo stendi inazama na pikipiki inalala kidogo kidogo huku wewe unapima.

## Hatua ya 1: Macho na vidole

Osha sehemu ya mbele ya fremu, hasa nyuma ya kichwa, yaani lile bomba fupi linalopitisha shina la usukani. Hapo ndipo nguvu ya kugonga mbele inapoishia.

Pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka kichwani kuelekea injini. Unatafuta mkunjo, uvimbe mdogo, au rangi iliyopasuka nyufa nyembamba kama nywele zenye mstari wa kutu. Rangi haipasuki hivyo kwa uzee. Chuma kilichoko chini yake kimesogea.

Ukiona ufa kwenye weldi ya kichwa, ishia hapo. Pikipiki hiyo isiendeshwe hata kupelekwa gereji. Ibebwe.

## Hatua ya 2: Ondoa vitu vinavyodanganya

Hivi vyote huleta dalili zilezile za fremu iliyopinda, na hukaguliwa kwa nusu saa.

Tairi. Jaza upepo unaotakiwa, halafu zungusha tairi ukiangalia ule mstari mwembamba wa mpira unaofuata ukingo wa ringi. Ukionekana mahali na kuzama mahali pengine, tairi haijakaa vizuri. Hilo hutokea sana baada ya kuziba pancha.

Ringi. Funga waya kwenye shokapu ncha ikaribie ringi, kisha zungusha gurudumu. Ringi ikicheza zaidi ya milimita 2 kwa pembeni au juu-chini, inyooshwe kwa spoku kabla hujaendelea.

Beringi za magurudumu. Shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Mlio wa "tik" ni beringi au bushi.

Ekseli. Zichomoe zote mbili uziviringishe juu ya kioo kirefu. Iliyonyooka inateleza kwa mlio mmoja. Iliyopinda inagonga gonga. Usiipige nyundo kuinyoosha. Nunua nyingine, ni chuma cha bei ndogo kinachobeba maisha ya watu wawili.

Beringi za usukani. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, geuza usukani taratibu kwa kidole kimoja. Ukihisi unanasa katikati kama umeingia kwenye kishimo, bakuli za beringi zimechimbika. Pikipiki ya namna hiyo hukataa kwenda moja kwa moja hata fremu ikiwa mpya kutoka kiwandani.

Bushi za swingamu. Shika gurudumu la nyuma uisukume swingamu pembeni. Isicheze hata kidogo.

## Hatua ya 3: Nyoosha gurudumu la nyuma

Wengi huamini zile alama zilizopigwa kwenye swingamu karibu na vikaza cheni. Zinaweza kupishana, na vikaza vyenyewe hupinda au kubadilishwa upande mmoja tu. Pima kutoka bolti ya swingamu.

1. Legeza nati ya ekseli.
2. Upande wa kushoto, pima kutoka katikati ya bolti ya swingamu hadi katikati ya ekseli. Usitumie tepu, maana upande wa kulia itapinda kuzunguka eksozi. Kunja waya mgumu ncha mbili kama herufi U pana, ncha moja ikae katikati ya bolti, nyingine katikati ya ekseli.
3. Hamishia waya uleule upande wa kulia bila kuukunja upya.
4. Kaza au legeza vikaza mpaka ncha ziangukie katikati pande zote mbili. Cheni ibaki na mchezo wa sentimita 2.5 hadi 3.
5. Weka kitambaa kilichokunjwa kati ya cheni na sproketi ya nyuma, zungusha gurudumu kurudi nyuma mpaka lijibane, ndipo ukaze nati. Hii inavuta ekseli ikae kwenye vikaza. Bila hivyo, nati ikikazwa husukuma upande mmoja.
6. Toa kitambaa, pima tena.

Kwa nini uhangaikie milimita moja? Mikono ya swingamu imeachana kama sentimita 20, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni karibu mita 1.28. Kwa hiyo milimita 1 ya tofauti kwenye vikaza inakuwa zaidi ya milimita 6 ukifika gurudumu la mbele. Fremu nyingi zimehukumiwa kwa hiyo milimita moja.

## Hatua ya 4: Funga uzi

Kunja stendi kubwa. Miguu yake ni mipana kuliko tairi na itausukuma uzi. Pikipiki isimame kwa magurudumu yake, imefungwa kamba mbili kwenye boriti ya paa, au mwenzako aishike wima.

1. Bandika katikati ya uzi kwa gundi ya karatasi nyuma ya tairi la nyuma, sentimita 10 hadi 12 kutoka chini. Kwa kimo hicho uzi unapita chini ya futresti na pedeli ya breki.
2. Leta ncha mbili mbele, moja kila upande, zipite tairi la mbele na kufungwa kwenye makopo. Kimo kiwe kilekile mbele na nyuma.
3. Sogeza kopo nje mpaka uzi uachane na ukingo wa mbele wa tairi la nyuma. Sasa lirudishe ndani kidogo kidogo, mpaka uzi uguse tu ukingo huo. Fanya hivyo pande zote.

Hatua hii ndogo ya tatu ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Uzi ukiendelea kusogezwa baada ya kugusa, unavunjika kona pale ukingoni na haufuati tairi tena. Inama uangalie kwa tochi: uzi uwe mstari mmoja, uguse tairi sehemu mbili, nyuma na mbele ya tairi hilo. Hizo sehemu mbili zimeachana kama sentimita 45 tu, kwa hiyo kosa la milimita 1 hapo ni karibu milimita 3 mbele.

4. Geuza usukani mpaka nafasi kati ya uzi wa kushoto na tairi la mbele iwe sawa kwenye ukingo wa mbele na wa nyuma wa tairi hilo.
5. Bila kugusa usukani, pima upande wa kulia sehemu zilezile mbili. Andika namba zote nne.

Kwa tairi la inchi 3.00 nyuma na 2.75 mbele, tofauti ya upana ni kama milimita 6, hivyo tarajia karibu milimita 3 kila upande. Ukiwa umefunga 3.00 mbele na nyuma uzi utalala kwenye tairi la mbele usione kitu. Tafuta vipande vinne vya ubao vyenye unene uleule, viweke kati ya uzi na tairi la nyuma, viwili kila upande, kisha pima upya.

### Kusoma namba

Anza na jaribio la uzi wenyewe. Kama kushoto namba mbili zimelingana lakini kulia hazilingani, nyuzi zako haziko sambamba. Rudia kufunga. Usilaumu chochote bado.

Kushoto na kulia vikipishana kwa milimita 2 au chini, magurudumu yako kwenye mstari mmoja. Kwa uzi na rula huwezi kudai usahihi zaidi ya huo.

Vikipishana zaidi, sukuma pikipiki mbele nusu mzunguko wa gurudumu upime tena. Namba zikibadilika, tatizo ni tairi au ringi. Zisipobadilika, angalia bushi za ekseli, yaani vile vipande vya bomba vinavyokaa pande mbili za gurudumu: fundi wa pancha akiziweka kinyume, ndefu kulia na fupi kushoto, gurudumu zima linahamia upande. Angalia pia kama ringi ilifungwa spoku upya na kuachwa nje ya katikati ya habu.

Yote hayo yakiwa sawa na tofauti ikabaki milimita 5 au zaidi, kuna chuma kilichopinda. Uzi hausemi ni kipi.

## Hatua ya 5: Timazi

Uzi wa chini unaonyesha kama gurudumu limehama. Timazi inaonyesha kama limelala.

Ning'iniza timazi kutoka keria, ishuke kama sentimita 10 nje ya gurudumu la nyuma ili isiguse nati ya ekseli. Pima kwa rula hadi ukingo wa ringi juu, kisha chini. Mwenzako ainamishe pikipiki polepole mpaka namba mbili zilingane. Gurudumu la nyuma sasa liko wima. Asisogee.

Funga fimbo kwenye usukani, ning'iniza timazi ya mbele, usukani ukiwa pale uzi ulipousema umenyooka. Pima ringi ya mbele juu na chini vilevile.

Tofauti ya milimita 1 au 2 ni mkono wako. Milimita 4 na kuendelea, kati ya shokapu, swingamu na kichwa cha fremu kimoja kimejinyonga. Anza na shokapu.

## Hatua ya 6: Shokapu za mbele

Shokapu zina magonjwa matatu tofauti, na dawa zake hazifanani: kujinyonga kwenye vibanio (vile vyuma viwili, cha juu na cha chini, vinavyoshikilia mabomba ya shokapu kwenye shina la usukani), bomba kupinda, na kibanio chenyewe kupinda.

### Kujinyonga

Dalili yake ni usukani uliokaa mshazari huku gurudumu likienda moja kwa moja. Ndiyo matokeo ya kawaida ya kuanguka kwa mwendo mdogo, na hakuna kilichovunjika.

Vua raba za shokapu kama zipo, futa mabomba. Laza kioo kidogo juu ya sehemu za kromu zilizo wazi, chini ya kibanio cha chini, kiguse mabomba yote mawili. Bonyeza kona moja, kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Kioo kikitulia kote, mabomba yako sambamba. Kikicheza kama meza yenye mguu mfupi, yamejinyonga.

Kurekebisha:

1. Weka jeki chini ya injini, gurudumu la mbele liguse sakafu kwa uzito mdogo tu.
2. Legeza nati ya ekseli, bolti za madigadi, bolti za kibanio cha chini, halafu za juu pamoja na nati ya shina. Legeza kiasi cha bomba kuzunguka. Usizitoe.
3. Bana gurudumu kati ya magoti, geuza usukani mpaka kioo kitulie.
4. Kaza kibanio cha chini kwanza, kisha nati ya shina na kibanio cha juu. Hakikisha ncha za mabomba juu zimelingana.
5. Shusha jeki, bana breki ya mbele, sukuma usukani chini mara tano au sita. Ndipo ukaze ekseli, na mwisho madigadi.

Ekseli ikikazwa kabla ya kusukuma, inayashika mabomba yakiwa yamebanana. Shokapu zitakuwa ngumu na sili zitaanza kuvuja mafuta wiki chache mbele.

### Bomba kupinda

Toa gurudumu na madigadi. Funga waya kwenye shokapu moja, ncha ikaribie bomba la pili juu kidogo ya sili. Legeza vibanio vya hilo bomba la pili ulizungushe taratibu. Nafasi kati ya waya na kromu ikibaki ileile mzunguko mzima, bomba limenyooka. Ikipanuka na kusinyaa, limepinda. Rudia upande mwingine.

Ukitaka uhakika, fungua shokapu, toa bomba tupu, liviringishe juu ya kioo kirefu. Karatasi ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1. Mahali popote karatasi mbili zikipenya chini ya bomba, limekwisha. Ikipenya moja, uko mpakani, pima tena kwa utulivu.

Mahali pa kutazama zaidi ni chini tu ya kibanio cha chini. Hapo ndipo bomba hukunjika.

Tahadhari. Usikubali bomba lipashwe moto. Kromu inabanduka, kutu inaingia, sili inakatwa kila safari, na chuma kinapoteza ugumu wake. Bomba lililopinda kidogo sana linaweza kunyooshwa baridi kwenye presi na mtu anayejua kazi. Lenye mkunjo unaoshikika kwa kidole ni la kuuza kwa kilo.

### Kibanio kupinda

Mabomba yote mawili yamenyooka, umeyarudisha, na kioo bado kinacheza hata ukiyageuza vipi? Basi kibanio cha chini au shina lake limepinda. Thibitisha kwa kupima nafasi kati ya mabomba mawili chini tu ya kibanio, kisha chini kwenye kromu, juu kidogo ya sili. Zikitofautiana zaidi ya milimita 1, badilisha kibanio. Cha alumini kisinyooshwe kabisa, kitapasuka baadaye bila kuaga.

Ukimaliza, rudia hatua ya 4 na ya 5. Wengi safari yao inaishia hapa, pikipiki inanyooka.

## Hatua ya 7: Swingamu, kisha fremu

Swingamu. Itoe. Ilaze mezani, pitisha bolti yake na ekseli kwenye matundu yao. Weka pima maji juu ya bolti, kisha juu ya ekseli, ukiwa umeiacha meza kama ilivyo. Povu likae sehemu ileile. Likihama, swingamu imejinyonga. Pikipiki zinazobeba magunia ya mkaa au madumu upande mmoja hupata ugonjwa huu bila kuanguka hata siku moja.

Pembetatu ya fremu. Toa tangi na siti. Kutoka katikati ya nati ya shina la usukani, vuta tepu hadi mwisho wa tundu la bolti ya swingamu, kushoto na kulia. Pima hadi kwenye ukingo wa chuma cha fremu. Ukipima hadi kwenye bolti utadanganyika, maana kichwa chake na nati yake havina unene sawa. Tofauti isizidi milimita 3.

Kichwa kulala. Rudisha shokapu ulizothibitisha zimenyooka, bila gurudumu. Pitisha chuma kirefu kilichonyooka kwenye matundu ya swingamu, inamisha fremu mpaka pima maji iseme chuma kiko sawa. Ning'iniza timazi katikati ya shokapu mbili ukiwa mbele. Nafasi ya kushoto na kulia zilingane juu na chini. Zikilingana juu zikapishana chini, kichwa kimelala.

Kichwa kusukumwa nyuma. Huu ni wa kugonga uso kwa uso, na uzi hauuoni, kwa kuwa kila kitu bado kiko katikati. Pikipiki inakuwa nyepesi kupita kiasi usukani, na madigadi inakaribia injini. Rudisha gurudumu, kisha pima kutoka bolti ya swingamu hadi ekseli ya mbele, na ulinganishe na pikipiki nzima ya toleo lilelile. Kijiweni haikosekani. Zote mbili ziwe zimesimama bila mtu juu. Usipime kutoka ekseli ya nyuma, maana urefu huo hubadilika kila cheni inapokazwa. Ikiwa fupi kwa zaidi ya milimita 10, kichwa kimerudi nyuma.

Fremu yenye kasoro hizi hunyooshwa ikiwa imefungwa kwenye meza ya chuma na kuvutwa kwa jeki ya haidroliki, huku ikipimwa kila mara. Gesi na nyundo hazina nafasi kichwani mwa fremu. Ikiwa na ufa au mkunjo pale, ibadilishwe, na mabadiliko yaandikishwe: namba ya chesisi ndiyo iliyo kwenye kadi ya usajili. Kuikata na kuichomelea kwenye fremu nyingine ni kujitafutia kesi.

## Jaribio la barabarani

Chagua barabara tambarare isiyo na magari, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mikono imeshika kwa wepesi. Usiachie usukani. Barabara nyingi zina mwinamo wa kupeleka maji pembeni, kwa hiyo pita kwenda na kurudi juu ya mstari uleule wa barabara: inayovuta kushoto kwenda na kulia kurudi inafuata barabara, inayovuta upande mmoja safari zote mbili bado ina tatizo.

Funga breki ya mbele taratibu. Usukani usigeuke wenyewe.

Baada ya siku ya kwanza ya kazi, kaza tena bolti za vibanio na nati za ekseli, kwa sababu rangi na vumbi lililobaki katikati husinyaa. Kisha andika zile namba nne za uzi chini ya siti, pamoja na tarehe. Ikianguka tena utakuwa na cha kulinganisha.